Injini Niliyoiosha kwa Mafuta ya Taa

Bi Mkubwa aliniita "fundi wangu". Watu wengine wote wa mtaa wetu pale Kasulu waliniita fundi, kavu kavu, kama wanavyomwita fundi cherehani na fundi baiskeli, na wakiudhika waliniita "wewe". Yeye aliongeza hilo neno la pili. Na mimi, mwanamume mwenye mke na watoto wawili, nilikuwa nikilisubiri kama mtoto anavyosubiri sukari.

Jina hilo nililipata kwa kipande cha mpira. Bi Mkubwa alikuwa mama wa mwenye duka la vitenge na kanga karibu na soko. Watu wao ni wa pwani; marehemu mumewe alikuja huku kufanya biashara na hakurudi tena kwao. Gari lao dogo la kijivu lilikuwa likigonga chini ya boneti kila likipita penye mashimo, ko-ko-ko, na mafundi wawili walikuwa wamekwisha kulifungua na kulifunga bila kuona kitu. Mimi niliona. Bomba jembamba la AC, lile la aluminiamu, lilikuwa limelegea na kugonga bodi. Nikakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikauzungusha kwenye bomba pamoja na kishikio chake, nikavuta mpaka mpira ukalia, nikapiga fundo. Kelele ikafa papo hapo.

Wageni hutucheka sisi Waha kwa kufunga kila kitu kwa mpira wa tyubu. Waache wacheke. Mkungu wa ndizi juu ya baiskeli, mpini wa jembe uliopasuka, kiti kilicholegea, gunia la mkaa, vyote vinashikwa na mpira, na siku tyubu zikiisha Uha wote utafumuka. Fundo langu nilijifunza kwetu Heru Juu nilipokuwa nikifunga na baba mihogo ya kupeleka sokoni: mizunguko mitatu, kisha ncha inapita chini na kurudi juu. Ukiliona unajua ni la kwangu. Siku ile Bi Mkubwa alizungushwa mtaani na gari lake lisilogonga, akashuka, akasema mbele ya mwanawe na wateja wake, "Huyu sasa ndiye fundi wangu. Wengine mtajijua wenyewe."

Ilikuwa mwaka 2012. Maneno hayo nilitembea nayo mwaka mzima, kifua mbele.

Kiangazi cha mwaka uliofuata gari lilianza kupuliza hewa ya moto. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kufungua kioo tu. Bi Mkubwa alikuwa na kifua. Vumbi letu jekundu likimwingia, anakohoa mpaka anashikilia mlango, na macho yanamtoka. Kwa hiyo alisafiri vioo vimefungwa, na vioo vikifungwa bila AC, gari linakuwa jiko. Na safari ilikuwa inamngoja. Binti yake aliyeolewa Kibondo alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, mjukuu wa kwanza wa Bi Mkubwa kwa upande wa binti. Alikosa kuwepo siku ya kuzaliwa kwa sababu ya kifua hicho hicho. Arobaini ya mtoto alisema hataikosa, labda wambebe kwenye jeneza.

"Fundi wangu," aliniambia, "nifikishe Kibondo nikamwone mjukuu wangu."

Nikamwambia, "Bi Mkubwa, hiyo niachie mimi."

Kugundua kwamba gesi imevuja si kazi. Niliunga geji zangu, zile zenye mipira miwili, wa bluu na mwekundu, na sindano zote mbili zikalala chini. Kazi ni kujua inavujia wapi, maana gesi hiyo haionekani. Sikuwa na kile kifaa kinacholia kikinusa gesi. Nilikuwa na sabuni ya unga, brashi ya kupakia rangi na uvumilivu. Nilipaka povu kwenye kila kiungo, nikatazama kama kuna kiputo kinachokua. Pampu ya kuvuta hewa kabla ya kujaza gesi nayo sikuwa nayo. Niliichukua kompresa ya friji bovu nikaigeuza, ikawa inanyonya badala ya kusukuma. Ilinguruma kama mbwa mwenye homa lakini ilinyonya.

Kwenye valvu ya kujazia niliona kiputo. Nikashangilia, nikabadilisha valvu, nikajaza gesi. Baridi ikaja. Baada ya siku tisa ikaondoka. Nikarudia povu, nikabadilisha mipira ya viungo vyote viwili vya kondensa, nikajaza tena. Ikakaa wiki. Mara ya tatu nilitoa bampa la mbele, nikapaka povu kondensa nzima kama mtu anayenyoa ndevu, sikuona kitu. Injini ile ilikuwa imelowa mafuta ya miaka na miaka, yamegandamana na vumbi kila kona, na mimi nilikuwa nikikagua viungo tu. Nikajaza nikiomba Mungu. Siku tano.

Arobaini ilikuwa imebakiza siku kumi. Mwenye duka alikuja gereji kwangu akasimama mlangoni bila kuingia, nikajua.

"Fundi, usinielewe vibaya," alisema. "Shemeji yangu wa Kibondo ana fundi wake wa AC. Anasema ni noma. Atakuja Jumamosi kuliangalia gari hapa hapa kwako, msaidiane."

"Hamna shida, bosi," nikasema. Shida ilikuwepo, tena nimeimeza nzima.

Fundi huyo wa Kibondo nilikwishamsikia. Madereva wa magari ya kambi ya wakimbizi walikuwa wakimtaja hata kwenye gereji yangu, huku mimi niko chini ya magari yao, jambo ambalo naliona ni utovu wa adabu mpaka leo. Walisema ni mtoto wa wakimbizi wa Kirundi waliopata uraia, kwamba ujana wake aliumaliza kwenye gereji za Bujumbura, kwamba ana pampu ya kweli. Walisema hatumii hata povu. "Yule anasoma vumbi," dereva mmoja aliniambia. "Anafungua boneti, anatazama vumbi lilivyokaa, anakuonyesha kidole." Nilimjibu kwamba hata kuku wangu wanasoma vumbi. Lakini usiku ule sikula vizuri, na mke wangu aliponiuliza nina nini nilimwambia tumbo.

Nilikuwa na roho ya kwanini, sina haja ya kuipamba. Nilimwona kichwani Bi Mkubwa akishuka Kibondo akimwelekezea kidole mtu mwingine na kusema lile neno. Gari ningeweza kupoteza, magari yapo. Lakini neno lile halikuwa na pacha.

Ijumaa nilichukua mafuta ya taa nusu ndoo na brashi ya waya, nikaosha injini ya gari lile kuanzia juu mpaka chini. Katika kazi yetu ni heshima: gari unalomkabidhi fundi mwenzako unalikabidhi safi, kama unavyorudisha sufuria ya jirani. Kila aliyepita alisifu. Jirani yangu muuza spea alisema, "Hapo umeonyesha ukubwa." Nikamshukuru. Mkononi nilikuwa nasugua kila doa la mafuta, kila tope jekundu lililoshika bomba, nisimwachie hata mstari mmoja wa kusoma. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Niliyasugua yote kwa moyo mmoja, na sijui kama nimewahi kufanya kazi safi kama ile.

Jumamosi akafika na basi la asubuhi. Nilitarajia mtu wa majivuno, ningefurahi kumpata. Alikuwa mtu mfupi, mkubwa kwangu kidogo kwa umri, kucha zake safi kuliko za mwalimu, ovaroli yake ina zipu inayofanya kazi. Alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kwa ile sauti ya Kirundi inayopanda mwishoni, akaniulizia wazazi, mke, watoto na mashamba kabla hajaliangalia gari. Hata hilo lilinikera.

Akafungua boneti. Akainama, pua karibu na injini, akakaa hivyo kitambo. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa na furaha mbaya kabisa.

"Injini ni safi," alisema. "Nani ameosha?"

"Mimi."

Akanitazama. "Vizuri, ndugu yangu," akasema. "Vizuri sana." Kisha akamgeukia mwenye duka. "Tutie gesi kidogo tu, halafu twende njia ya Kibondo na hii klimu, hii AC, ikiwa inafanya kazi. Tukisimama hapa hatutaona kitu. Ile barabara ndiyo itatuonyesha."

Tukaondoka watatu, mwenye duka akiendesha, fundi wa Kibondo mbele, mimi nyuma mahali pa Bi Mkubwa, kwenye kitambaa chake chenye harufu ya karafuu. Njia ilikuwa kavu, imejaa vijimatuta kama bati la kuezekea, na gari lilitetemeka mpaka meno yanagongana. Lori likitupita tunapotea ndani ya wingu jekundu. Wao wawili walizungumza vizuri huko mbele, juu ya bei ya maharage, juu ya Bujumbura, wakacheka. Mwenye duka hajawahi kucheka na mimi garini. Nilitazama matundu ya AC yakipuliza baridi nikayaombea yaendelee kupuliza hivyo hivyo mpaka Kibondo, gesi isitoke hata chembe, ili mtaalamu arudi kwao akiwa hajaona kitu. Yaani niliombea gari lipone ili mwenzangu aaibike. Maombi ya namna hiyo sijui yanapokelewa na nani.

Tulipokwisha kupita Makere fundi wa Kibondo alisema tusimame. Akafungua boneti, akatoa tochi ndogo ingawa jua lilikuwa linawaka. Injini niliyoiosha ilikuwa imevaa vumbi jipya, jembamba, kavu kama unga wa muhogo, sawasawa kila mahali. Ukilipuliza linaruka.

Isipokuwa mahali pamoja.

"Fwiti iko hapa," alisema. Hivyo ndivyo walivyoita mvujo huko alikojifunzia kazi. "Gesi ikitoka inatoka na mafuta yake kidogo. Vumbi linashika hapo."

Tochi yake ilikuwa juu ya mpira wangu wa tyubu. Mizunguko mitatu, ncha imepita chini ikarudi juu. Kwenye kingo zake vumbi lilikuwa limelowa, limekuwa jeusi kama ugoro. Mahali pekee ambapo sikuwahi kupaka povu hata mara moja, kwa sababu pale palikuwa na kazi yangu mwenyewe, na kazi yangu niliiamini.

Alikata mpira kwa kisu. Mchanga laini ukamwagika. Vumbi lilikuwa limeingia chini ya mpira mwaka mzima, na kila gari lilipotetemeka lilisaga bomba taratibu kama msasa, mpaka aluminiamu ikatoboka tundu dogo kuliko ncha ya sindano. Gari likisimama, mpira wenyewe unaliziba tundu. Likitetemeka linapumua. Kile kipande kilichonipa jina ndicho kilichokuwa kikila bomba, na mimi juu yake nimejaza gesi mara tatu.

Mwenye duka akainamia. "Huu mpira nani aliufunga?"

Yeye alikuwa amesahau. Mafundi wengi walikuwa wamepita kwenye gari lile, na kilichobaki kichwani mwake ni kwamba kelele iliisha. Fundi wa Kibondo hakuwa amesahau kwa sababu hakuwa na cha kusahau, lakini alinitazama, kisha akautazama mkono wangu. Kwenye kifundo nilikuwa nimefunga saa yangu iliyokatika mkanda. Kwa mpira wa tyubu. Mizunguko mitatu, ncha chini, ncha juu.

"Mupira si kitu," alisema. "Huku magari yote yanafungwa hivi, hata mimi nafunga. Ni vumbi. Vumbi halina mwenyewe." Akazima tochi. "Lakini mumshukuru huyu. Injini ilikuwa na mafuta ya zamani kila mahali, ningezunguka siku tatu nikidanganywa nayo. Ameosha, vumbi jipya limekuja likasema ukweli. Fundi asiyejua klimu hawezi kufikiri hivyo."

Mwenye duka alinipiga bega. "Kumbe ulikuwa na akili yako, fundi! Na hukusema!" Akatoa simu pale pale akampigia mama yake. Nilimsikia Bi Mkubwa upande wa pili, sauti juu, "Nilisema mimi! Nilisema!" Nikatabasamu. Uso ulinicheza kama wa mtu aliyeumwa jino.

Kibondo, gereji kwake, nilifanya naye kazi mchana kutwa. Alikata sehemu iliyolika, akaunga kipande kingine kwa kuchomelea waya wa aluminiamu, na uungaji wake ulikuwa laini mpaka nikautafuta kwa kidole. Kisha ile pampu. Ilikuwa ndogo, inanong'ona tu. Ilivuta hewa saa nzima, akaizima, tukakaa tukaitazama sindano ya geji nusu saa nyingine. Haikusogea. Mimi kwangu sikuwahi kungoja hiyo nusu saa. Kompresa yangu ya friji ilikuwa inanikimbiza. Akanionyesha jinsi ya kuvisha bomba kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa, kilegee, kipate kumwaga mchanga. Alinionyesha bila kuniuliza kama najua. Nilijifunza kila kitu na nikamchukia kwa kila kitu.

Tulipokuwa tunanawa mikono, mwenye duka akiwa amekwenda kwa dada yake, mwenzangu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndugu yangu, anayeosha injini kwa heshima anatumia sabuni. Ile ilinuka mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni ya kufuta."

Maji yalikuwa yakinitiririka mpaka kwenye viwiko.

"Hata mimi niliwahi," akasema. Hakueleza aliwahi nini, wala kwa nani. Akajifuta, akatia mkono mfukoni mwa ovaroli, akaniwekea kitu kiganjani, akanifumba vidole kama unavyompa mtu nauli. Kilikuwa ule mpira, na fundo lake. Alikuwa ameukata upande wa pili ili fundo lisiharibike.

Siku ya arobaini Bi Mkubwa alikwenda Kibondo vioo vimefungwa. Aliniamuru nipande naye. Njia nzima baridi ilipuliza, akajifunika kanga mbili, akalala mdomo wazi, hakukohoa hata mara moja. Nilimwangalia nikafurahi kweli, hilo naliandika bila aibu kwa sababu ni kitu kimoja safi katika habari hii. Alipopewa mjukuu alilia, akamnusa kichwani, akalia tena.

Uani palikuwa pamejaa watu wa maulidi na sahani za pilau. Fundi wa Kibondo naye alialikwa. Alikaa kwenye jamvi upande wa pili, kucha zake safi, akila taratibu. Bi Mkubwa akatoka na mtoto mikononi, akatafuta kwa macho kati ya wanaume.

"Fundi wangu yuko wapi?" aliita. "Njoo hapa watu wakuone. Huyu ndiye aliyeosha injini! Mwenyewe kwa akili yake!"

Watu wakageuka. Fundi wa Kibondo angenisema mbele ya mwenye duka pale Makere, ningemchukia vizuri, nikapoteza Bi Mkubwa, yakaisha. Sasa nilikuwa nimebaki na jina langu, na mwenye kuniachia jina hilo alikuwa amekaa pale anakula pilau. Alikuwa amenishinda kwenye bomba, kisha akanishinda kwenye roho, na huku kwa pili ndiko nilikomwonea wivu mpaka macho yakaniuma.

Alininyanyulia mkono kidogo kunihimiza, kama mtu anayempisha mwenzake njia. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika ule mpira.

"Naam, Bi Mkubwa," nikaitika, nikasimama.